Kuku wa Mgonjwa

Mimi ni fundi wa pikipiki, na pikipiki ndizo zilizoniingiza kwenye gofu. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia gofu wanadhani nina mali, au nilisoma Ulaya. Mali sina, na Ulaya naiona kwenye makopo ya oli tu. Mzungu mmoja wa shirika la misaada alikuwa na pikipiki iliyokataa kuwaka kila asubuhi ya mvua. Nikaihangaikia miaka miwili, na siku anaondoka Bunia akaniletea gereji mfuko mrefu wenye fimbo saba na mipira iliyochakaa. Akanionyesha namna ya kushika fimbo pale pale katikati ya injini zilizofunguliwa, akavunja chupa yangu ya maji ya betri, akaomba msamaha, akaenda uwanja wa ndege.

Kiwanja cha gofu Bunia hakuna. Kuna vilima. Basi sisi tuliorithi fimbo za watu waliokwenda zao, mwenye duka la dawa, mwalimu wa hesabu, madereva wawili, muuguzi mmoja na mimi, tukajitungia mashindano yetu, mara moja kwa mwaka, Jumamosi moja ya kiangazi. Shimo ni moja tu. Unaanzia juu ya kilima nyuma ya mji, wanakolisha ng'ombe, na unamalizia kwenye kiwanja cha mpira wa miguu huko chini. Katikati ni mwendo wa kilomita nne ambazo hakuna mtu aliyezisawazisha tangu Mungu alipozimwaga: majani ya kufika kiunoni, vichuguu, makorongo, mashamba ya viazi, matanuri ya matofali, na ng'ombe wenyewe, ambao hawampishi mtu. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mpira unapigwa pale ulipolala, ila tunaruhusiwa kuuweka juu ya kipande cha zulia ili fimbo isigonge jiwe. Usipoonekana kwa dakika tano, unarudi ulikopigia na unaongezewa pigo. Kwa hiyo kila mchezaji ana mtu wa kumwangalizia mpira, na mwangalizi mzuri ni bora kuliko mkono mzuri.

Mwaka wa kwanza mwenye duka la dawa alinishinda kwa mapigo mawili, kwa sababu mipira yangu iliishia kwenye majani. Kushindwa si kitu. Lakini yule mtu alinibatiza Bwana Majani, akaniita hivyo mwaka mzima, mbele ya wateja wangu, mbele ya mke wangu, hata kanisani wakati wa kupeana amani. Nilipokwenda kununua dawa ya kichwa aliifunga kwenye karatasi vizuri, akaniuliza kama nitaweza kufika nayo nyumbani bila kuipoteza. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Niliapa kwamba mwaka unaofuata nitamzika kwenye majani hayo hayo. Kila jioni nikifunga gereji nilikwenda kupiga mipira nyuma ya machinjio, peke yangu, kunguru wakinitazama.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Jumatano ya wiki ya mashindano mama wa jirani yangu alifariki. Jirani huyu ni seremala, parseli yake na yangu, yaani viwanja vya nyumba zetu, zinagawanywa na ua wa miti tu, na kwenye ua huo kulikuwa na mwanya tuliouacha sisi wenyewe ili tusizunguke barabarani. Alikuwa akipitia hapo kuazima spana, mimi nikipitia hapo kuazima msumeno, watoto wakipitia hapo bila kuazima kitu. Na mama yake hakuwa mama wa jirani tu. Baba yangu alipokufa, yeye ndiye aliyetuchotea maji siku zote za matanga, akalala kwenye mkeka mmoja na mama yangu hadi mama akaweza kula tena. Mama yangu alirudi kuishi kwao Marabo, lakini wale wazee wawili walibaki kutumiana salamu kwa kila pikipiki iliyokwenda na kurudi.

Kwetu mtu hapimwi kwa nyumba yake. Anapimwa kwa matanga aliyokaa. Ukifiwa, watu hawaji kwa ajili ya marehemu, wanakuja kwa ajili yako: wewe ulibeba viti vyao, nao wanabeba vyako. Asiyekaa kwenye matanga ya wenzake, yake atalia na mbuzi wake. Mimi ni mtoto wa kiume mmoja, na mama yangu wakati huo alikuwa mzima lakini mzee, na nilijua kabisa kwamba siku yake ikifika nitahitaji mabega ya watu wa mtaa huu, na la kwanza ni la seremala. Nayasema haya ili msije mkafikiri sikujua. Nilijua.

Mazishi yakawekwa Jumamosi asubuhi, kwa kuwa walikuwa wanamngoja dada mkubwa wa marehemu atoke upande wa Irumu. Jumamosi. Nilihesabu siku kwa vidole kama mtoto, nikitumaini nimekosea.

Ijumaa asubuhi nilipita kwenye mwanya. Jirani yangu alikuwa chini ya turubai la karakana yake, anapiga randa ubao. Lilikuwa sanduku la mama yake. Watu walikuwa wamemwambia amwachie fundi mwingine, akakataa, akasema mwingine ataacha ncha za misumari. Mimi nikasimama kwenye yale makapi ya mbao, nikamwambia kwamba nimepata habari kutoka Marabo, mama yangu ni mgonjwa, malaria imempanda kichwani, lazima niondoke kesho alfajiri. Sikuwa nimepanga kumtaja mama. Nilikuwa nimepanga kusema pikipiki ya mteja imeharibikia njiani. Lakini nilipomwona na ule ubao, pikipiki ilionekana sababu ndogo, nikachukua kubwa.

Aliweka randa chini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Enda, ndugu yangu," alisema. "Mama ni mumoja."

Nami nikamwambia aksanti.

Nyumbani nilimweleza mke wangu ukweli, kwa sababu yeye simwezi. Alikuwa anasugua masufuria makubwa ya kupeleka kwenye matanga. Akauliza kama kweli nimemtaja mama. Nikamjibu kwamba nimemtaja kidogo tu, ni malaria, mtu anapona malaria. Akasema weye mwenyewe utajua, akajifunga kikwembe kiunoni, akabeba masufuria yake akapita kwenye mwanya, na sikumwona tena nyumbani hadi yote yalipokwisha.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Saa sita ya Ijumaa ile ile, jirani yangu aliacha sanduku la mama yake nusu, akaenda kwenye banda lake, akakamata kuku jike, mwekundu, anayeanza kutaga. Akamfunga miguu, akampa motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, anayekwenda Marabo kila siku, na njia ilikuwa nzuri wiki ile. Akamwambia: mpelekee mama wa fundi, mwambie ni wa kumpa nguvu, na mwambie samahani hatukuja wenyewe, tuko na kilio. Mtu ana maiti ndani, bado anamtumia mgonjwa wa mwenzake kuku. Na mimi, mtoto wa mji huu, niliyelelewa na watu wa namna hii, nilisahau kwamba hapa huwezi kumuuguza mtu kwa mdomo tu. Ukisema mtu ni mgonjwa, watu wanakwenda kumwona, na wasipoweza kwenda wanatuma. Mgeni angeweza kukosea hivyo. Mimi sina cha kujitetea.

Jumamosi nilitoka kabla ya jua, kwa njia ya nyuma, mfuko wa fimbo nimeuviringisha kwenye gunia. Simu nilikuwa nimeizima tangu Ijumaa mchana, maana mwenye mgonjwa akipigiwa ataulizwa habari, na aliye njiani ataulizwa amefika wapi. Juu ya kilima kulikuwa na ukungu na baridi, na wenzangu walikuwa wanakunywa chai ya chupa. Mwenye duka la dawa alivaa kofia mpya nyeupe. Akaniuliza mbele ya wote kama nimekuja na mundu mwaka huu. Nikacheka, kwa sababu nilikuwa na siri.

Siri yangu ilikuwa mwangalizi wangu. Nilikuwa nimempata mchungaji mmoja, mtu mzima wa makamo, aliyelisha ng'ombe kwenye kilima kile tangu ndevu zake zilipoota. Hakujua gofu na hakuipenda. Alikuwa ameniuliza swali moja tu, kwa nini mtu autupe mpira mbali kisha aufuate. Lakini alijua kila shimo na kila kichuguu, na hakuutazama mpira ukiwa hewani kama wengine wanaopata machozi kwa jua. Aliwatazama ng'ombe. Kitu kikianguka kwenye majani, ng'ombe wa karibu wanageuza vichwa, na yeye alikwenda moja kwa moja pale vichwa vilipoelekea, akachomeka fimbo yake ya kuchungia, na mpira upo. Nilipiga mapigo ishirini na tisa bila kupoteza hata mpira mmoja. Sijawahi kucheza vile, wala sitacheza tena.

Mwenye duka la dawa yeye alianza vizuri, halafu mpira wake ukaingia kwenye kinyesi kibichi cha ng'ombe. Kanuni ni kanuni: unapigwa ulipolala. Alijaribu kuomba, mwalimu wa hesabu akakataa. Alipiga, na kofia ile nyeupe haikuwa nyeupe tena. Nilifurahi, siwezi kudanganya, nilifurahi mpaka mbavu zikauma. Tulipofika kwenye matanuri ya matofali nilikuwa mbele yake kwa mapigo matatu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Siku zote tunavuka kijito kwa daraja la miti na kumalizia kwenye kiwanja cha upande wa pili, mbali na mtaa wangu. Ndiyo maana nilithubutu. Lakini siku ile tulikuta askari wameweka kamba kwenye daraja. Walisema leo hapapitwi, na hawakusema kwa nini, na kwa askari hatuulizi mara mbili. Mwalimu wa hesabu akatafuta suluhisho, akalipata upesi kama kawaida yake: tutamalizia kwenye kiwanja cha shule ya msingi, huku huku upande wetu, umbali ni karibu ule ule. Wote wakakubali.

Shule ile iko nyuma ya parseli ya jirani yangu.

Ningeweza kusema mguu unaniuma. Ningeweza kusema chochote, nilikuwa nimeshajionyesha kuwa fundi wa kusema. Kisha nikamwona mwenye duka la dawa anapangusa mpira wake kwa jani la ndizi, polepole, akinitazama kwa pembeni, nikajiambia kwamba saa hizi watu wako makaburini, na kwamba njia inapita nyuma ya mikaratusi, na kwamba nikipiga juu, upande wa kushoto, nitatua kiwanjani bila mtu kuniona.

Mchungaji wangu alinyoosha kidole. Akaniambia kule kuna turubai na moshi mwingi, ni kama matanga. Nikamwambia naona. Akaniambia tena niende mbali zaidi kushoto. Nikamwambia kwa ukali kwamba kazi yake ni kuangalia. Niliweka mpira kwenye zulia, nikashika fimbo kwa hasira, na mtu hapigi gofu kwa hasira, hata yule Mzungu aliniambia hivyo. Mpira uliondoka kushoto vizuri kabisa, halafu angani ukabadili mawazo, ukapinda kulia, ukavuka mikaratusi. Tukasikia mabati: kwaa! Na kule kwenye turubai walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa. Wimbo ulikatika.

Walikuwa wamezika mapema wakikwepa jua kali. Walikuwa wamesharudi, wameshanawa, wote wapo.

Nilishuka hadi kwenye ua, nikajificha nyuma ya miti kama mwizi wa mbuzi. Nilimwambia mchungaji aingie yeye, wewe hawakujui, ingia, okota, toka. Alivua kofia yake.

"Mupira ni yako," alisema. "Na kwa matanga siye hatuingiake na kutoka. Nikiingia, nakaa."

Akaegemeza fimbo yake kwenye mlango wa ua, akaingia, akampa kila mtu mkono, pole, pole, akaketi kwenye benchi la wanaume. Kweli aliketi. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya mwenye duka la dawa ikishuka mlimani, anahesabu dakika zangu kwa sauti kubwa, ya pili, ya tatu.

Mpaka leo sielewi kichwa changu kilifikiri nini. Niliingia. Nikaingia na fimbo mkononi.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kuku. Kuku jike mwekundu, amefungwa kamba mguuni, anadonoa mpira wangu kwenye ukingo wa mkeka wa wanawake. Nikaifuata ile kamba kwa macho, ikanipeleka hadi kwenye kidole gumba cha mguu ninaoujua. Nikapandisha macho. Mama yangu alikuwa ameketi pale, kitambaa cha kilio kichwani, mzima wa afya, bega kwa bega na dada wa marehemu.

Baadaye mke wangu alinieleza yote. Motari alifikisha kuku Ijumaa jioni pamoja na habari mbili kwa mpigo, kwamba mama ni mgonjwa na kwamba rafiki yake amefariki, habari ambayo mimi nilipaswa kumpa tangu Jumatano. Mama hakuuliza habari ya ugonjwa wake. Alinipigia, simu imezimwa. Mke wangu naye alinipigia mara sijui ngapi, imezimwa. Jumamosi mama akapanda pikipiki gizagiza na kuku wake kwapani, akawahi mazishi, akatupa udongo. Na watu walipomzunguka na kumuuliza, mama, si ulikuwa mgonjwa, mama yangu alimtazama mke wangu usoni mara moja tu, akaelewa. Akawaambia ni kweli, malaria ilimshika sana, lakini Mungu amemponya, na mtoto wake bila shaka wamepishana njiani.

Mama yangu ni mtu anayesoma matangazo kanisani. Hajawahi kuchukua nyanya ya mtu bila kumwita mwenyewe. Alisema uongo kwenye matanga ya rafiki yake ili kunifunika mimi, na saa tatu baadaye mimi nikaja kumfunua, na fimbo mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, tuliimbishwa hivyo shuleni, lakini hawakutuambia kwamba mwongo anaweza kumkuta mama yake mwishoni mwa njia. Niliona aibu ambayo sina neno lake. Si ya kwangu. Ya kwake ndiyo iliyonichoma, maana aliinamisha kichwa, na sikuwahi kumwona mama yangu anainamisha kichwa mbele ya mtu.

Jirani yangu alisimama, akanipa mkono.

"Mama amepona," alisema. "Ametuambia."

Aliitazama fimbo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kiti chake. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningeshukuru.

Mama aliokota mpira kutoka kwenye mdomo wa kuku, akaufunga kwenye ncha ya kikwembe chake, mafundo mawili, akaniambia neno moja: "Kaa." Nikakaa. Mwenye duka la dawa akatokeza kichwa juu ya ua, anatangaza kwamba dakika tano zimeisha, akaona, akameza maneno yake. Naye akavua kofia yake chafu, akaingia, akatoa pole, akakaa muda wa heshima kabla ya kwenda kumaliza mchezo. Alishinda. Tangu siku ile hajaniita Bwana Majani tena hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyonionyesha ukubwa wa jambo.

Nilikaa siku zote zilizobaki. Nilichota maji, nilipasua kuni, nilirudisha viti vya watu mpaka cha mwisho. Nilijaribu kumwomba jirani yangu msamaha, akasema hakuna neno, tushukuru mama amepona. Mama yangu alijaribu kumrudishia kuku wake, akakataa, akasema kuku ya mugonjwa hairudi. Basi Jumatatu mama alirudi Marabo na kuku kwapani na mpira wangu kwenye fundo. Hakunigombeza. Alipokuwa anapanda pikipiki aliniambia tu kwamba ule ugonjwa nimeshautumia, na kwamba siku akiugua atanyamaza, maana watu walishausikia.

Nilidhani ni hasira za mzee, zitapita.

Jirani yangu hakuninunia. Ilikuwa vibaya zaidi. Alinisalimia kila asubuhi, bonjour jirani, familia haijambo, kwa adabu yote. Lakini hakupita tena kwenye mwanya. Akihitaji spana alikwenda kuazima kwa mwingine, na akija kwangu kwa jambo la mtaa alizunguka barabarani, akabisha hodi mlangoni kama mgeni. Wake zetu waliendelea kupita kidogo, halafu nao wakachoka. Mvua zilipoanza, miti ya ua ilitoa majani pande zote mbili na mwanya ukaziba wenyewe. Fimbo za gofu nilizitundika juu ya dari ya gereji, na yule mchungaji alipopita siku moja kuniuliza kama nimeacha kutupa mipira, nilimjibu nimeacha.

Mvua zilipokolea, motari wa Marabo alisimama gereji na kuniambia kwamba mama yangu amekosa kanisa Jumapili tatu. Nikapiga simu. Mama akasema ni uchovu tu, niache kuwasumbua watu. Sauti yake ilitoka mbali. Motari akanieleza kwamba majirani zake kule wakimuuliza anawajibu vile vile, na kwamba hainuki tena kitandani. Nyumba yake iko chini ya mteremko, pikipiki haifiki wakati wa matope. Ilihitajika kumbeba hadi barabarani, na kumbeba mtu kwenye matope yale ni kazi ya wanaume wawili wenye nguvu, na mmoja awe mtu ambaye mama atakubali kubebwa naye.

Nilizunguka kwa barabara. Nikabisha hodi. Jirani yangu alikuwa chini ya turubai lile lile, anapiga randa ubao wa mlango wa mtu. Nilisimama kwenye makapi ya mbao, pale pale niliposimama siku ile, na sikuwa na maneno mengine ila yale yale.

"Mama iko mugonjwa," nilisema.

Hakuacha kazi. Randa ilikwenda hadi mwisho wa ubao, ikarudi, ikaenda tena. Nilitaka kuapa, nikaona kwamba kiapo changu hakina bei. Nilitaka kumwita motari aje ashuhudie. Nilingoja, na nilijua kwamba akiniambia pole tu na kuendelea na ubao wake, nitakuwa nimestahili, na mama yangu atakuwa amelipia.

Alipuliza makapi kwenye randa, akaiweka chini.

"Ule wa kwanza nilituma kuku," alisema. "Huu naenda mwenyewe."

Alichagua miti miwili mirefu iliyonyooka, akachukua magunia mawili matupu na kamba vya kutengenezea machela, akavifunga nyuma ya pikipiki yangu. Mvua ilitupiga kutoka nusu ya njia, na tulipoacha pikipiki barabarani na kushuka mteremko, yeye alitangulia na miti begani.

Mlangoni kwa mama tulipishana na kuku mwekundu na vifaranga wake, wanakimbia mvua. Ndani, kwenye kona, kulikuwa na kiota cha majani makavu kwenye beseni bovu, na katikati yake mpira wangu wa gofu, umechafuka, umewekwa pale kumdanganya kuku ili asiache kutagia ndani. Jirani yangu aliuona. Nilimwona anauona. Akapita.

Mama alikuwa amebaki mdogo sana kitandani. Hakunitazama mimi. Alimtazama seremala, akajaribu kuinuka kwa viwiko, ikashindikana.

"Leo ni kweli," alimwambia.

"Najua, mama," alijibu, akainama, akapitisha mikono chini ya mabega yake, na mimi akaniambia nishike upande wa miguu.